Uliza Kazi ya Mikono Kwanza: Ushauri kwa Msanii Anayefanya Kazi na Waliohamishwa na Vita

Maonyesho mengi kuhusu wakimbizi yanafanana. Hema jeupe, seng'enge, mama aliyejitanda mtandio, mtoto anayetazama kamera. Ukiondoa maandishi ya ukutani hutajua kama hao ni watu wa Kismayu, wa Khartoum au wa Cabo Delgado. Vita vimemtoa mtu nyumbani kwake, lakini alichokuwa akikifanya katika nyumba ile amekuja nacho: kusuka ukili (ukanda wa majani unaoshonwa kuwa mkeka), kutarizi kofia, kuchonga, kuimba vugo (ngoma ya harusi ya wanawake). Ujuzi huo ndio utakaozikwa naye ikiwa hakuna wa kuupokea, na msanii ni mmoja wa watu wachache wenye wakati na hamu ya kuupokea. Kwa hiyo ukitaka kufanya kazi kuhusu uhamisho, mwulize mtu kazi ya mikono yake kabla ya kumwuliza machungu yake. Mengine yote hapa chini yanatokana na hilo.

Mombasa haina upungufu wa watu wa kuuliza. Kengeleni imepata jina kwa kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa Kisauni miaka ya 1870 kwa watumwa walioachiliwa huru. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, viliwaondoa Wabajuni wengi katika vijiji vya bara kaskazini ya Lamu, na baadhi yao wakaja kuishi huku. Baada ya serikali ya Siad Barre wa Somalia kuanguka Januari 1991, majahazi yalishusha watu wa Barawa, wa Kismayu na wa visiwa vya Wabajuni. Wakawekwa katika kambi kama Utange, na kambi hizo zilipofungwa miaka ya 1990 kuna waliopelekwa Dadaab na Kakuma na kuna waliobaki mitaani kwa jamaa zao. Hata vinyago vya Changamwe vina asili ya vita: Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza kuchonga Tanganyika alikokuwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi kwao akawafundisha wenzake.

Mazungumzo kabla ya kinasa sauti

Siku ya kwanza usirekodi chochote. Nenda na mtu anayeaminika katika nyumba ile: jirani, mwalimu wa madrasa, fundi mwenzake. Toa salamu kamili, ngoja ukaribishwe, na ubebe vifaa vya kazi badala ya kamera. Kama unakwenda kwa msusi, chukua fungu la miyaa au ukindu (majani ya kusukia) na sindano ya kushonea mkeka. Kama ni mtarizi wa kofia za viua, chukua kitambaa cheupe cha pamba na uzi. Ukiweka kifaa mkononi mwa mwenye ujuzi, mkono wenyewe hukumbuka mambo ambayo kinywa kimesahau.

Maswali yawe ya kazi. Ukili huu husukwa kwa chane ngapi? Miyaa ilikatwa msimu gani? Rangi ilitoka wapi, na mlichemsha kwa muda gani? Nani alishona mkeka na nani aliupeleka sokoni? Mama anayejibu maswali haya atafika mwenyewe kwenye siku aliyoacha mkeka haujamalizika, akitaka. Asipotaka, bado umepata kazi nzima ya ususi. Swali la "mlikimbia vipi?" halileti hayo. Hadithi ya safari ameshaisimulia mbele ya maafisa mara nyingi, imekauka, na isitoshe imefungwa kwenye faili lake. Tarehe moja ikitofautiana na ile ya faili inaweza kumletea matatizo. Tarehe, njia na majina ya wasafirishaji yasionekane kwenye kazi yako. Sauti nayo ichukuliwe kwa uzito huohuo: Uingereza, kwa mfano, imewahi kutumia uchambuzi wa lugha kuamua kama Mbajuni anayeomba hifadhi ametoka Somalia kweli.

Ruhusa iombwe kwa mambo manne, kila moja peke yake: sauti, jina, uso, na mtandao. Watu wengi hukubali la kwanza na kukataa la mwisho, na ukiyafunga pamoja utapata "ndiyo" moja isiyo na maana. Sema waziwazi, kwa mfano: "Mama, naomba kurekodi unavyoeleza ususi. Sauti itasikika kwenye chumba cha maonyesho kwa mwezi mmoja. Haitawekwa mtandaoni. Nikutaje jina au nisikutaje? Ukibadilisha nia kabla ya siku ya kufungua, nitafuta." Kisha rudi umsikilizishe alichosema na uombe ruhusa tena. Hiyo ya pili ndiyo ruhusa ya kweli, kwa sababu sasa anajua anaruhusu nini. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuondoa kibali chake, na sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi inazipa jamii haki juu ya vitu hivyo. Usije ukadhani wimbo usio na mtunzi anayejulikana ni wa yeyote anayeuokota.

Kurekodi katika nyumba ya Mombasa

Simu nzuri inatosha kwa mazungumzo. Kwa wimbo utakaochezwa kwenye chumba kikubwa, tafuta kinasa sauti chenye maikrofoni ya nje. Rekodi faili la WAV (sauti isiyobanwa), kilohazi 48, biti 24. Saa moja ya mono katika kiwango hicho huchukua takriban megabaiti 520, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inatosha kabisa. Maikrofoni ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu, ili pumzi isiipige moja kwa moja. Kwenye kipimo cha kinasa, sauti inapopanda iishie kati ya desibeli -12 na -6. Ikigusa sifuri imepasuka, na sauti iliyopasuka haitengenezeki.

Feni ndiyo adui mkubwa. Izime, na friji pia kama inasikika, kisha acha ufunguo wa nyumba yako juu ya friji ili usisahau kuiwasha ukiondoka. Chumba chenye magodoro, mapazia na mikeka husikika vizuri kuliko sebule ya vigae. Panga mazungumzo kati ya swala mbili, yasizidi dakika 45, kwa sababu joto la chumba kisicho na feni humchosha mzee mapema. Kabla ya kufunga, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba chenyewe. Utauhitaji kuziba mapengo unapohariri. Ukitumia ukimya wa kompyuta, msikilizaji atausikia kama shimo.

Nyimbo za kazi na za ngoma zina shida yake. Vave ya Wabajuni, kwa mfano, huimbwa usiku wa kuamkia siku ya kuchoma kichaka kilichofyekwa kwa ajili ya shamba. Mashamba yakiachwa, wimbo hukosa siku yake. Ukimkalisha mzee mmoja kwenye kochi atakupa maneno tu. Pokezano, kasi na mahali watu wanapoingilia havitakuwepo. Tafuta angalau wapokeaji watatu au wanne, na uandike nani anaanza, nani anapokea, na wangekuwa wamesimama wapi. Kwa kikundi, rudisha maikrofoni nyuma mita mbili na upunguze kiwango. Pembe za vugo zikigongwa karibu hufunika sauti za wanawake wote.

Nakala ziwe tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Faili lipewe jina siku hiyohiyo: mwaka, mwezi, siku, mtaa, kisha aina ya kazi. Jina la mtu lisiwe ndani ya jina la faili. Zima pia huduma ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha, maana picha hubeba vipimo vya ramani, na utakuwa umechapisha mlango wa mtu aliyekuomba asijulikane.

Kuandika maneno yaliyorekodiwa huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani: kwa saa moja ya Kitikuu (lahaja ya Wabajuni) au Chimwini (ya Barawa) weka siku mbili za mwandishi anayeisema lahaja hiyo tangu utotoni, na umlipe. Akisema "mato" kwa maana ya macho, iandikwe "mato". Kusanifisha kunafuta kilekile ulichokuja kukihifadhi, na mizani ya mishororo huvunjika.

Kanga ya kumbukumbu

Kwa Mombasa hatuoni umbo bora la kupeleka maneno haya kwa watu kuliko kanga. Mji wenyewe ni wa kanga: duka la Kaderdina Hajee Essak, la "Mali ya Abdulla", lilianza hapa mwaka 1887. Kila mtazamaji anajua kusoma pindo, mji (mchoro wa katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa) bila kuelezwa. Pindo na mji vichukue michoro ya ufundi uliorekodi, kama mpangilio wa ukili au viua vya kofia, na jina litoke kinywani mwa mwenye hadithi.

Kuchagua jina ni kazi ya watu wawili. Toa mafungu 15 au 20 ya maneno kutoka kwenye rekodi, msomee mwenyewe, achague. Mara nyingi ataacha yale uliyoyapenda, yale ya kilio, na kuchukua la kawaida kuhusu nazi au upepo. Mfuate. Kanga huvaliwa, hutandikwa, hubebewa mtoto, na yeye ndiye anayejua ni neno gani anaweza kuishi nalo. Urefu nao una mpaka. Kwa nguo ya sentimita 160 kwa 110, jina hukaa vizuri katika sentimita 66 za katikati. Herufi moja ikichukua wastani wa sentimita 3, una nafasi 22 pamoja na zile tupu. Likizidi hapo, herufi zitabanana na mtu wa upande wa pili wa barabara hataweza kulisoma.

Sasa uchapaji kwa skrini, yaani kusukuma rangi kupitia wavu uliowambwa kwenye fremu. Nunua bafta au marikani ya pamba tupu na uifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni, bila dawa ya kulainisha. Nguo mpya ina wanga wa kiwandani unaozuia rangi kushika, na pamba hurudi asilimia 3 hadi 5, yaani sentimita 5 hadi 8 katika 160. Anayekata kabla ya kufua hupata mapindo yasiyokutana. Kwa michoro minene tumia wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita, na kwa herufi nyembamba nyuzi 55.

Dawa ya skrini, ile inayogandishwa na mwanga, ndiyo inayowatoa watu machozi hapa pwani. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na dawa ambayo haijakauka hadi ndani huoneka kavu kwa nje, kisha mchoro wote huteremka na maji unapoosha. Iache usiku kucha kwenye chumba cha giza chenye feni, skrini ikiwa imelazwa na upande wa kuchapia ukitazama chini. Kisha fanya jaribio la mwanga: funika kipande kidogo kwa kadi na uisogeze hatua tano, kila hatua muda sawa, halafu osha utazame hatua ipi imeacha herufi safi. Jua la saa sita la Januari si sawa na la Juni lenye mawingu, basi jaribio hurudiwa kila msimu. Ukiandika jina kwa herufi za Kiarabu, hakikisha nukta hazipungui milimita 1 na nusu, la sivyo wavu utazimeza na herufi ba itasomeka kitu kingine. Maandishi yasomeke sawasawa ukiitazama skrini kutoka upande wa ndani, kule unakomwaga rangi. Mpe mtu anayeisoma lugha hiyo akague kabla ya kuanika kwenye mwanga.

Rangi: gramu 100 za gundi ya uchapaji wa nguo kwa gramu 3 hadi 5 za rangi yenyewe. Anayetaka rangi iliyokolea huongeza hadi gramu 10 na kupata nguo inayochujuka, kwa sababu gundi haitoshi kushika rangi yote. Ukitaka giza zaidi, chapa mara mbili. Vuta raba ya kusukumia rangi mara moja au mbili kwa nguvu sawa, ukiilaza kidogo. Fanya kazi kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi. Baada ya hapo rangi hukauka ndani ya wavu kati ya nguo moja na nyingine na herufi huanza kukatika. Ukilazimika kuendelea, weka kitambaa chenye unyevu juu ya skrini kila unaposimama.

Anika kivulini siku nzima. Kisha piga pasi upande wa nyuma, moto wa pamba, bila mvuke, dakika 3 hadi 5 kila eneo. Sugua herufi moja kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikiacha alama, rudia pasi kabla ya kufua.

Kuhusu ususi wenyewe tutasema machache, kwa kuwa mwalimu wako ni yule mama na si makala. Miyaa mikavu hupasuka ikikunjwa. Iloweshe kidogo na uiviringe katika kitambaa kibichi. Ukiilowesha kupita kiasi, ukili hulegea ukikauka na kushika ukungu kwenye mishono. Na usifupishe kwa gundi. Mtepe ulikuwa chombo cha baharini cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi. Anayeutengeneza kwa misumari kwa ajili ya maonyesho ametengeneza chombo kingine kabisa, na wazee wataona mara moja. Kama uzi wa asili haupatikani, tumia wa karibu nao na uandike pembeni kwamba si wenyewe.

Kuna pia vitu ambavyo msanii asiviguse. Kigango cha Wagiriama, nguzo ya ukumbusho, husimamishwa kwa ajili ya mzee wa Gohu (chama cha wazee) aliyefariki, na hakihamishwi. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilivyoibwa kwa familia moja mwaka 1985 vilirudi mwaka 2007 kutoka taasisi za Marekani vilikokuwa vimefika. Kuchonga nakala ya kigango kwa ajili ya ukumbi, hata kwa nia ya kulalamikia wizi huo, huwaumiza walewale walioibiwa. Chora pengo lake, andika barua, rekodi wazee wakieleza, lakini nguzo yenyewe iache.

Kutundika

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa katika Mji wa Kale ni nzuri machoni na mbaya kwa nguo. Zinatoa unyevu na chumvi mwaka mzima, zaidi wakati wa masika. Nguo isiguse ukuta: acha sentimita 5 za hewa nyuma yake. Usipige misumari, plasta ya zamani hubomoka na mwenye nyumba ana haki ya kukukasirikia. Funga kamba kwenye boriti za dari na ushushe ufito. Juu ya nguo shona mfuko wa sentimita 7 upana wote, upitishe ufito ndani. Uzito utagawanyika na nguo haitalegea katikati. Pini za chuma cha kawaida huota kutu kwa hewa ya bahari na doa la kutu halitoki kwa urahisi kwenye pamba, kwa hiyo tumia shaba au chuma kisichoshika kutu.

Usitundike mbele ya dirisha la jua. Maonyesho yakiisha, viringisha nguo kwenye bomba la karatasi lililofunikwa kwa bafta iliyofuliwa, wala usiikunje. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani, na ukungu utaota kabla ya miezi mitatu. Fungua kila mwezi, pepea, kagua.

Ukitumia mbao, mwembe na mwarobaini ndizo zinazofaa. Muhugu umemalizwa kwenye misitu yetu. Mti mbichi wa mwembe hupasuka na huliwa na bungua. Kadiria mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila sentimita 2 na nusu za unene, ncha zikiwa zimepakwa nta, na uupake maji ya boraksi mapema.

Fedha na kurudisha

Nauli na muda wa mwenye ujuzi hulipwa siku hiyohiyo, iwe utatumia rekodi au la. Malipo ya siku yasiwe chini ya unayomlipa mpiga picha. Kama kazi itauzwa, kubalianeni mgao kabla haijaanza. Sisi tunaona theluthi moja kwa mwenye maneno au mchoro ni haki, na uchapishaji mwingine wowote, kwa fulana au mabango, ni mazungumzo mapya. Mkataba uwe ukurasa mmoja wa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya mtu wa familia.

Siku ya kufungua maonyesho, waliotoa kazi waingie saa moja kabla ya wageni, peke yao. Hapo ndipo mtu anaweza kusema "hili liondoe" bila kuona haya, nawe uwe na mkasi na muda wa kuliondoa.

Nakala za kurudisha ziwe za kutumika. Mzee hana haja na faili la WAV. Mpe MP3 kwenye kadi ndogo inayoingia kwenye redio yake, na doti moja kamili ya kanga iliyochapwa, si kipande cha majaribio. WAV na maandishi, kwa wale walioruhusu, yapelekwe pia kwenye maktaba ya Fort Jesus au taasisi nyingine ya utafiti wa Kiswahili mjini, yakiwa na karatasi ya masharti: nani anaruhusiwa kusikiliza, nani kunakili, na ni nani wa familia wa kuulizwa mwenyewe asipokuwepo. Peleka ndani ya mwezi mmoja wa kufunga maonyesho. Baada ya hapo utakuwa umeanza kazi nyingine, na kadi itabaki kwenye droo yako.